Wati za Kwenye Lebo: Mhadhara juu ya Kulinganisha Ubora wa Pawa Saplai



Ukienda kununua kompyuta ya mezani, muuzaji atakueleza prosesa ni ya kizazi gani, kumbukumbu ni giga ngapi na diski ni ya aina gani. Ukimuuliza kuhusu pawa saplai atajibu kwa kifupi: "Mia tano." Anamaanisha wati 500. Namba hiyo imechapishwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa kasha, na kwa wanunuzi wengi mazungumzo huishia hapo. Siku hizi wapo wanaoongeza swali la pili, kama ina nembo ya dhahabu. Nimeombwa nieleze namna ya kulinganisha vifaa hivi, na dai langu ni moja: wati zilizoandikwa na nembo iliyobandikwa, vyote viwili, havikuambii pawa saplai itafanya nini umeme ukiyumba, joto likipanda au waya ukipiga shoti. Na nzuri hutofautiana na mbaya katika hayo. Siku mambo yakiwa shwari, zote huwasha kompyuta.

Kwa wenzetu wa uhasibu na ununuzi, nieleze kwa ufupi kazi ya kifaa chenyewe. Soketi ya ukutani Tanzania hutoa volti 230 za mkondo geu, Kenya volti 240, na kote mkondo huo hugeuka mizunguko 50 kwa sekunde. Kompyuta haiutaki umeme huo. Inataka mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Pawa saplai huupokea umeme wa ukutani, huuchuja, huunyoosha, kisha transista huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo, halafu hunyooshwa na kuchujwa tena kabla ya kupelekwa kwenye madabodi. Kukatakata huko ndiko kunakoifanya transfoma itoshe kiganjani badala ya kuwa pande la chuma. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuja na pawa saplai ya wati 63.5, ikatosha mashine nzima. Kadi ya picha ya RTX 4090, iliyotoka 2022, imekadiriwa wati 450 peke yake.

Masharti ya kazi hiyo yapo, na hayakutungwa na wauzaji. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa mwongozo uitwao ATX, ambao umekuwa ukirekebishwa hadi leo. Unaeleza ukubwa wa kasha, mpangilio wa nyaya, na mipaka ya umeme. Kwa miaka mingi sharti limekuwa volti 12 isishuke chini ya 11.4 wala isizidi 12.6. Volti 5 ikae kati ya 4.75 na 5.25. Kisha kuna yale mawimbi madogo yanayobaki juu ya mkondo hata baada ya kunyooshwa: yasizidi milivolti 120 kwenye volti 12, wala milivolti 50 kwenye volti 5 na 3.3. Mita ya mkononi haiyaoni mawimbi hayo. Yanataka osiloskopu, na yanataka mzigo halisi. Fundi anayechomeka mita kwenye waya wa njano, akasoma 12.05, akatamka kwamba pawa saplai ni nzima, amepima kitu kidogo sana, tena kifaa kikiwa hakina kazi.

Tuisome lebo sasa. Nimeandika ubaoni mfano wa lebo ya wati 500 ya bei ya chini, ya aina ambayo mafundi mliopo hapa mmeishika mara nyingi. Volti 3.3, ampea 30. Volti 5, ampea 32. Volti 12, ampea 18. Chini kabisa kuna zile ndogo: volti 12 hasi ampea 0.8, na volti 5 ya kusubiri ampea 2.5. Zidisheni volti kwa ampea kila mstari. Mtapata 99, 160, 216, kisha 9.6 na 12.5. Jumla ni 497. Kumbe lebo haikudanganya? Hesabu imekubali! Lakini tazameni wati hizo zimekaa wapi. Prosesa ya leo hula kutoka volti 12. Kadi ya picha, volti 12. Feni, volti 12. Kwa kazi zote nzito, mnunuzi amepata wati 216 tu, na zile 259 za volti 5 na 3.3 zitabaki bila kazi kwa sababu hakuna wa kuzitumia. Tena katika vifaa vya namna hii volti 5 na 3.3 hugawana transfoma moja na haziwezi kutolewa kwa ukamilifu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana watengenezaji waaminifu huandika mstari mwingine unaotaja kikomo cha zote mbili zikiunganishwa. Linganisheni na pawa saplai ya kisasa ya wati 550 ambayo mstari wake wa volti 12 unasomeka ampea 45.5. Hiyo ni wati 546. Karibu yote iko mahali inapotakiwa.

Lebo ya kwanza ina historia. Katika miaka ya 1990 prosesa zilipata umeme wake kutoka volti 5 na 3.3, na pawa saplai zilitengenezwa hivyo. Prosesa ya Pentium 4 ilipotoka mwaka 2000, Intel ilihamishia mzigo kwenye volti 12 na kuongeza plagi ya pini nne kwa ajili hiyo. Mtengenezaji anayekuuzia leo kifaa chenye ampea 32 kwenye volti 5 na 18 kwenye volti 12 anakuuzia mchoro wa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, uliobandikwa karatasi mpya. Anayetaka kuchuja haraka dukani, bila kifaa chochote, na azidishe ampea za volti 12 kwa 12. Kama jibu liko mbali na namba kubwa iliyo ubavuni, akirudishe kwenye rafu.

Sasa medali. Mpango wa 80 PLUS ulianza Marekani mwaka 2004, na lengo lake lilikuwa kupunguza umeme unaopotea. Pawa saplai iliyofaulu ilipaswa kugeuza angalau asilimia 80 ya umeme wa ukutani kuwa umeme wa kompyuta, ikipimwa kwa mzigo wa asilimia 20, 50 na 100. Baadaye zikaja ngazi za shaba, fedha, dhahabu, platinamu na titani. Kwa kipimo cha volti 115, dhahabu ni asilimia 87 kwa mzigo mdogo, 90 kwa mzigo wa kati, 87 kwa mzigo kamili. Ni mpango mzuri na umefanya kazi yake. Tatizo ni sisi wanunuzi, tulioigeuza hati ya matumizi ya umeme kuwa hati ya ubora. Wapimaji wa 80 PLUS hawapimi mawimbi ya mkondo kama nilivyoyaeleza. Hawapigi shoti makusudi waone kama kifaa kitajizima. Na wanapima katika chumba chenye nyuzijoto 23. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa ajiulize ni lini mara ya mwisho chumba chake kilikuwa na nyuzijoto 23 mchana wa Februari, sembuse ndani ya kasha la kompyuta.

Hata katika hilo la kuokoa umeme, dhahabu ina masharti. Kompyuta ya ofisi inayoandika barua na kufungua jedwali hutumia kama wati 60. Ukiipa umeme kwa ufanisi wa asilimia 80 itavuta ukutani wati 75. Kwa asilimia 90 itavuta 67. Umeokoa wati 8, na ukiiwasha saa nane kila siku ya mwaka utaokoa kama yuniti 23. Si haba, lakini si fedha ya kumlipa mtu kwa nembo. Zaidi ya hapo, wati 60 kwenye pawa saplai ya wati 650 ni mzigo usiofika asilimia 10, na katika eneo hilo mpango ule haukuahidi chochote, isipokuwa kwa ngazi ya titani. Mwenye mashine ya kuchora na kuhariri video inayovuta wati 300 kutwa nzima ndiye hasa anayefaidi: kwake tofauti ni wati 42, na kwa saa zile zile yuniti 122 kwa mwaka.

Wahenga walisema rahisi ghali. Hawakusema ghali ni nzuri. Mwaka 2021 kampuni ya Gigabyte ilijikuta matatani kwa pawa saplai zake mbili, GP-P750GM na GP-P850GM. Zilikuwa na hati ya dhahabu, na jina la kampuni inayoheshimika kwa madabodi na kadi za picha. Wanunuzi walilalamika kwamba zinakufa. Wapimaji wa chaneli ya Gamers Nexus ya Marekani wakazipima, na baadhi zikalipuka mezani kwao mbele ya kamera. Mwezi Agosti mwaka huo Gigabyte ilitoa taarifa. Ilisema imeshusha kiwango ambacho ulinzi wa mzigo uliozidi huanza kufanya kazi, kutoka asilimia 120 hadi 150 ya uwezo kuja asilimia 110 hadi 120, na ikakubali kubadilisha baadhi ya zilizokwisha kuuzwa. Fikirieni maana yake: kifaa cha wati 850 kilikuwa kinaruhusiwa kufika hadi wati 1,275 kabla ya kujizima, wakati vipuri vyake havikuwa na ubavu huo. Kwenye karatasi ya ufanisi kilikuwa dhahabu tupu.

Kwa hiyo ulinzi huo lazima tuujue. Pawa saplai iliyokamilika ina chipu inayochunguza kila mkondo unaotoka na kukata umeme volti zikipanda mno, zikishuka mno, ampea zikizidi, waya ukipiga shoti, au joto likipita kiasi. Ile ya bei ya kutupa mara nyingi ina baadhi tu ya hayo, na tegemeo lake la mwisho ni fyuzi. Fyuzi ni muhimu, huepusha moto ndani ya nyumba. Lakini hukatika baada ya transista kwisha kuungua, na hadi hapo madabodi na diski huenda zimekwisha kuonja volti zisizo zao.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo kwetu huku naliona zito kuliko yote. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita moja kubwa, wakati mwingine mbili, inayohifadhi umeme ulionyooshwa kabla haujakatwakatwa. Katika kifaa kizuri cha kisasa hushikilia volti karibu 380 hadi 400. Umeme wa ukutani ukikatika, kompyuta huishi kwa akiba iliyomo humo, kama nyumba inavyoishi kwa maji ya simtanki bomba la mtaa likikauka, ila hapa akiba ni ya sehemu ya sekunde. Mwongozo wa ATX kwa miaka mingi ulitaka akiba hiyo itoshe milisekunde 16 kwa mzigo kamili. Mzunguko mmoja wa umeme wetu ni milisekunde 20. Yaani kompyuta iweze kuvumilia karibu mzunguko mzima wa giza bila kujua.

Milisekunde 16 zinatosha nini? Zinatosha UPS. UPS nyingi za ofisini ni za aina inayokaa kando ikisubiri. Umeme ukikatika huchukua milisekunde kadhaa, kwa kawaida chini ya 10, kuhamia kwenye betri. Pawa saplai yenye akiba kamili haitambui kilichotokea. Sasa kapasita ile ni miongoni mwa vipuri vya bei ghali ndani ya kasha, na mtengenezaji anayebana matumizi huanzia hapo hapo. Akiweka yenye nusu ya uwezo, muda nao unakuwa nusu. Milisekunde 8 dhidi ya UPS inayohama kwa 8 au 9 ni kamari. Matokeo mnayajua: umeme unakatika, UPS inalia, na kompyuta inajizima na kuwaka upya. Mwenye ofisi anamwita fundi, fundi anabadilisha betri ya UPS, wiki ijayo jambo ni lile lile. UPS imetukanwa bure. Na ajabu ya mambo, toleo la 3.1 la mwongozo, la mwaka 2023, limelegeza sharti hili na kuruhusu milisekunde 12 kwa mzigo kamili. Labda kwa nchi ambazo umeme hukatika mara moja kwa mwaka ni sawa. Kwetu sioni kwa nini tulegeze, na kama ningepewa kipimo kimoja tu cha kulinganishia pawa saplai mbili katika Afrika Mashariki, ningechukua hiki.

Joto ni ndugu wa jambo hilo. Kapasita za maji hufa kwa kukauka, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzijoto 10 zinazopungua huongeza umri mara mbili. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzijoto 105, ikifanya kazi kwenye 65, hutarajiwa kuishi kama saa 32,000. Nyingine iliyoandikwa saa 2,000 lakini kwa nyuzijoto 85, ikiwa hapo hapo kwenye 65, itapata 8,000. Kwa saa nane kwa siku, ya kwanza ni karibu miaka 11 na ya pili haifiki mitatu. Zote zinafanana kwa umbo, na tofauti ya bei ni ndogo sana. Ndiyo maana watengenezaji hutangaza kwa fahari kwamba wametumia za Kijapani, za Nichicon au Rubycon. Wanachosahau kusema ni kama wameziweka zote, au ile moja kubwa tu inayoonekana kupitia matundu ya feni.

Feni yenyewe nisiikalie sana. Mkionyeshwa ya beringi ya mafuta ya bei ndogo, jueni kwamba ikilala kifudifudi katika joto na vumbi letu itakwama mapema, na feni ikikwama hesabu yote ya kapasita niliyoifanya sasa hivi inaporomoka.

Kuna darasa zuri la kufunua pawa saplai iliyokufa, ila kwa sharti moja lisilo na mjadala: ile kapasita kubwa huweza kubaki na zaidi ya volti 300 baada ya kuchomolewa, kwa hiyo anayefungua awe amefundishwa kuitoa chaji. Ukifungua ya bei ya chini, anzia pale waya wa ukutani unapoingilia. Kwenye bodi utaona maandishi meupe yaliyochorwa mahali pa koili ya kuchuja, mahali pa kapasita za kuchuja, na mahali pa kidonge cha kumeza umeme unaopanda ghafla. Kisha utaona kwamba koili haipo. Badala yake kuna vipande viwili vya waya vilivyolehemiwa kuunganisha matundu. Mchoro ulikuwa mzuri. Mhandisi aliyeuchora alijua kazi yake. Aliyevitoa vipuri alikuwa mtu mwingine, mwenye kikokotoo.

Hapo hapo nyuma ya kasha la mashine za zamani mtakuta swichi nyekundu yenye 115 na 230. Nyingi huingia kama mitumba. Ikiwa imeachwa kwenye 115 nawe ukaichomeka kwenye soketi ya kwetu, umeme wa ndani huongezwa mara mbili, kila kapasita yenye kikomo cha volti 200 hupewa zaidi ya 300, na mlipuko hausubiri. Pawa saplai za kisasa zenye saketi ya kurekebisha mkondo unaoingia hazina swichi hiyo. Hupokea kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe. Kutokuwepo kwa swichi ni dalili njema unayoweza kuiona dukani bila kufungua skrubu.

Mtaniuliza basi tununue kampuni gani. Swali hilo halina jibu zuri, kwa sababu jina lililo kwenye kasha mara nyingi si la aliyetengeneza. Corsair, jina kubwa katika soko hili, imeuza pawa saplai zilizotengenezwa na CWT na nyingine zilizotengenezwa na Seasonic, zote kwa nembo yake. Seasonic ya Taiwan hutengeneza kwa jina lake na kwa majina ya wengine. Super Flower vilevile. Kampuni hiyo hiyo yaweza kuwa na modeli bora kabisa na nyingine ya kuziba pengo la bei, na modeli ile ile yaweza kubadilishwa vipuri ndani bila jina kubadilika. Linganisheni modeli kwa modeli, kwa ripoti ya aliyeipima kwa mzigo na osiloskopu. Cybenetics ya Saiprasi hupima ufanisi kwa michanganyiko ya mizigo zaidi ya elfu moja badala ya mitatu, na huchapisha ripoti zinazoonyesha mawimbi ya mkondo na muda wa akiba. Ripoti hizo ni bure kusoma, na jedwali la namba husomeka hata na asiyekijua Kiingereza vizuri.

Namalizia kwa wenzetu wa ununuzi, ambao kwa mwaka hununua mashine nyingi kuliko sisi sote humu ukumbini. Nyaraka za zabuni nilizoziona zina mstari mmoja: "Pawa saplai, 500W." Mstari huo unamkaribisha mwenye ampea 18. Andikeni badala yake: volti 12 isiyopungua ampea 36, iweze kutoa uwezo huo mfululizo kwenye nyuzijoto 40 au zaidi, muda wa akiba usiopungua milisekunde 16 kwa mzigo kamili, ipokee volti 100 hadi 240 bila swichi, kapasita zote za nyuzijoto 105, na mzabuni aambatanishe ripoti ya upimaji ya modeli hiyo hiyo. Bei itapanda kidogo. Baadhi ya wazabuni watapiga simu kulalamika kwamba masharti ni magumu, na mkaguzi atauliza kwa nini hamkuchukua ya bei ya chini. Mpeni lebo zote mbili na kikokotoo, mwambieni azidishe mstari wa volti 12.